Tabora Tumepewa Namba za Nyumba, Posta Yenyewe Iko Wapi?



Wiki mbili zilizopita tulikaa kikao cha vijana wa kata hapa Tabora. Ajenda zilikuwa zile zile mnazozijua: kadi mpya, michango ya ofisi, nani anakwenda kwenye mafunzo. Tulipofika kwenye mengineyo nikanyoosha mkono nikasema, jamani, tuingize suala la posta kwenye hoja zetu za vijana. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mmoja akaniuliza, "Kamanda, unataka kumwandikia nani barua? Mchumba wa mwaka themanini na tano?" Na mimi nikacheka. Ila nilirudi nyumbani nikiwa na deni la kueleza, na leo nalilipa hapa.

Nianze na asali. Mjomba wangu anafuga nyuki upande wa Sikonge. Asali ya huku haihitaji kupigiwa debe, kila mtu anaijua. Mwaka jana nikafungua ukurasa mtandaoni, nikapiga picha nzuri, nikaanza kupata wateja: Dar, Arusha, hata Mtwara mmoja. Oda ya kwanza ya maana ilikuwa chupa ishirini na nne kwenda Dar. Nikafunga boksi, nikalipeleka stendi, nikalipia kwenye basi, nikapewa kikaratasi. Boksi lilifika siku ya tatu, chupa tisa zimepasuka na zilizobaki zimelowa asali nje hadi lebo zimebanduka. Wakala wa kule akasema muulize wa Tabora. Wa Tabora akasema muulize konda. Konda akasema yeye alikuwa likizo. Nyuma ya kikaratasi pameandikwa kwamba hawahusiki na upotevu wala uharibifu. Nikamrudishia mteja hela yake, na faida ya mwezi mzima ikaenda na ile asali.

Sasa niambieni, hili si suala la kisiasa? Serikali inatuambia vijana tujiajiri, tuuze mtandaoni, tuache kulalamika. Sawa. Nimejiajiri. Simu ninayo, bando nimenunua, mteja nimempata. Kilichobaki ni kitu kimoja tu: mzigo utoke kijijini kwa mjomba ufike kwa mteja ukiwa mzima, kwa bei inayoniachia chochote, na ukipotea awepo mtu wa kuwajibika. Kazi hiyo duniani kote ina jina lake. Inaitwa posta.

Na katika miji yote ya nchi hii, Tabora ndiyo ya mwisho kuambiwa kwamba posta haiihusu. Mji huu ulikua kwa sababu njia zilikutana hapa. Kutoka Bagamoyo unapita Mpwapwa, unavuka Ugogo, unaingia Unyanyembe. Hapo njia zinagawanyika: moja kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857 wakakuta mji wa wafanyabiashara tayari una maisha yake. Pembe za ndovu zilipita hapa, vitambaa na shanga vilipita hapa, na tusifiche, watumwa walipita hapa pia. Pamoja na hayo yote zikapita barua, kwenye mizigo ya wapagazi wa Kinyamwezi, babu zetu, ambao walibeba habari za dunia mabegani na hakuna aliyeandika majina yao.

Kuna kisa kimoja cha njia hii ambacho kila kijana wa Tabora angepaswa kukijua. Novemba 1870 John Kirk wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar alifunga mfuko wa barua za Dk. Livingstone aliyekuwa bara, uende Ujiji pamoja na mizigo yake. Mfuko ukafika Bagamoyo na msafara ukakaa hapo zaidi ya miezi mitatu bila kuondoka. Baadaye ukafika Unyanyembe, ukalala tena. Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vikaifunga njia ya Ujiji. Stanley alipopita ndipo akauchukua ule mfuko, akazunguka kusini kukwepa vita, akamkabidhi mwenyewe Novemba 1871. Mwaka mzima!

Wengi wakisikia hivyo wanasema, ah, zamani mambo yalikuwa magumu, mwendo wa miguu. Subirini kidogo. Stanley huyo huyo alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Unyanyembe Juni, miezi mitatu. Mwaka uliofuata alibeba barua za Livingstone kutoka Kwihara katikati ya Machi 1872, na mwanzoni mwa Mei alikuwa Bagamoyo. Njia ile ile, miguu ile ile ya watu, chini ya miezi miwili. Kwa hiyo mfuko wa Kirk haukucheleweshwa na umbali. Ulicheleweshwa kwanza na uzembe wa waliokabidhiwa, halafu na vita vya wakubwa waliogombea nani atoze ushuru na nani ashike njia. Umbali ndiyo sababu inayotajwa siku zote, kwa kuwa umbali hauwezi kujitetea.

Na zile barua zilizofika pwani Mei 1872 zilifanya kazi. Ndani yake mlikuwa na habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Julai 1871, ambayo Livingstone aliyashuhudia kwa macho. Habari hizo zilipofika Uingereza zilisaidia kuwasukuma wakubwa wa huko, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa Zanzibar. Sisemi barua peke yake ilifunga soko. Kulikuwa na meli za kivita na maslahi ya watu. Ila bila ushahidi kutoka bara, kelele zile zisingekuwa na nguvu ile. Ushahidi huo ulipita Kwihara, nje kidogo tu ya mji huu, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho na shule zinapeleka watoto kupiga picha.

Mwaka mmoja baadaye ikaja barua nyingine. Livingstone alifariki Mei 1873 mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wakaukausha mwili wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 Chuma alitangulia akafika Unyanyembe, mkononi ana barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, Mwafrika mwenzake aliyejua kusoma na kuandika, akamkabidhi Cameron aliyekuwa hapa. Habari iliyoitikisa dunia iliandikwa na Mwafrika, ikaletwa na Mwafrika, ikafika Tabora bila stempu wala muhuri. Tusidanganyane kwamba posta tuliletewa na Mjerumani. Mjerumani alileta stempu. Watu wa kubeba barua, na maarifa ya njia, vilikuwepo hapa.

Stempu nazo zina somo lake. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na kufikia 1893 wakawa na stempu zao zilizopigwa thamani kwa pesa, ile pesa yenyewe ya rupia. Matarishi wakatembea kwa miguu kuleta mifuko bara, hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Mwaka huo huo zikaja stempu za Kongo zilizogongwa maneno ya Kifaransa na Kidachi kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Ubelgiji. Mwaka 1917 Mwingereza akaleta zake zilizogongwa G.E.A. Mwaka 1922 ikatoka ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga, na kuanzia 1935 stempu moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu aliyezaliwa Tabora 1900 akawa anaandikiana barua na nduguye wa Dar, kabla hajafika miaka arobaini ameshalamba stempu za mabwana watatu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kuandika nini juu yake.

Kila aliyeuteka mji huu alifanya haraka kushika posta. Kwa nini? Kwa sababu anayeshika njia ya habari anaishika nchi. Mirambo alilijua hilo, Mjerumani alilijua, Mbelgiji na Mwingereza walilijua. Sisi tuliopata uhuru wetu mwaka 1961 ndio tuliokuja kuiona posta kama jengo la kizamani lenye masanduku ya chuma.

Tulipofikia hapa tulipitia wapi? Posta na simu zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tukaunda shirika letu, posta na simu pamoja. Kisha likaja wimbi la mageuzi ya miaka ya tisini. Benki ya Posta ikapata sheria yake mwaka 1991. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya Shirika la Posta, na kuanzia Januari 1994 posta na simu zikatengana. Simu, yenye hela, ikaenda njia yake. Benki, yenye hela, ikaenda njia yake, na tangu 2021 hata jina la Posta imelivua, inaitwa TCB. Posta ikabaki na barua, majengo na jukumu la kufika kila mahali. Halafu ikaambiwa ijiendeshe kibiashara. Ni kama kumnyang'anya mtu ng'ombe na jembe, kisha ukamlaumu kwamba halimi.

Machawa watasema nabeza kazi nzuri. Haya, nitataja nzuri. Mwaka 2022 kabla ya sensa ya Agosti ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ina msimbo wake wa posta wa tarakimu tano. Wa kwetu Tabora inaanza na 45. Wazo ni zuri na naliunga mkono bila kung'ata maneno. Shida yangu ni hii: kibao kimekaa mlangoni kwa bibi yangu, na tangu kibandikwe hajaja mtu wala barua kwa sababu ya kile kibao. Anwani ni nusu ya posta. Nusu ya pili ni mguu unaokuja mlangoni. Tumelipia nusu ya kwanza tukapiga makofi, tukaenda kulala.

Ndiyo maana hadi leo ukimuuliza kijana wa kijijini anwani yake anakuandikia S.L.P. ya shule, au ya parokia, au ya ofisi ya kata. Mimi nimekulia hivyo. Kaka yangu aliitwa chuo kwa barua iliyotumwa kwenye sanduku la shule moja, ufunguo akawa nao mwalimu mmoja, na mwalimu alikuwa safarini. Barua ilimfikia usajili umeshafungwa. Alisubiri mwaka mzima kama Livingstone. Leo maombi ya ajira yako mtandaoni na hilo limesaidia, nakubali. Ila vyeti halisi, hati, nyaraka za mahakama, dawa, vipuri, mbegu na asali ya mjomba havipiti kwenye WhatsApp.

Kuna hoja ninayoiheshimu, sio ya kicheko. Wenzetu wanasema barua zimekufa duniani kote, hata Denmark shirika lao la posta limeacha kusambaza barua mwishoni mwa 2025 baada ya miaka mia nne. Kweli kabisa. Lakini malizieni habari. Shirika lile limeacha barua ili libaki na vifurushi, na barua zikachukuliwa na kampuni binafsi. Na limefanya hivyo katika nchi ambayo karibu kila mtu anapokea nyaraka za serikali kwenye simu yake, na kijiji cha mbali kina barabara ya lami. India, iliyo karibu zaidi na hali yetu, ina ofisi za posta zaidi ya 150,000, nyingi vijijini, na mwaka 2018 wakaanzisha benki inayopita humo humo. Wao waliona ofisi ya posta ni mlango wa serikali kwa mtu wa chini. Sisi huku tumeanza kuweka vituo vya Huduma Pamoja kwenye majengo ya posta. Hatua nzuri, lakini mjomba wa Sikonge bado anapanda bodaboda kuufuata mlango huo, na nauli ya kwenda na kurudi inakula bei ya chupa kadhaa.

Kuna jingine la kusema taratibu. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi mitandao ya kijamii ilibanwa. Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, siku ambazo familia zilikuwa zinatafutana. Sisemi posta ingetuokoa siku zile. Nasema kwamba nchi iliyoacha njia zake zote za habari zikafa ikabaki na moja, mwenye swichi anakuwa mmoja. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na ya 16 inalinda faragha ya mawasiliano yetu. Hakuna mahali Katiba ilipoandika kwamba haki hiyo ni ya wenye bando tu.

Na sheria tunayoilalamikia kila siku, EPOCA ya mwaka 2010, ile iliyozaa kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilizotaka hata blogu zilipie leseni: jina lake kamili ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Ile P ni Posta. Tumepigana miaka yote na ile E, na tulikuwa na haki. Lakini ile P hakuna kamanda aliyeisoma. Nimejihesabu na mimi humo.

Sasa tudai nini? Naweka mezani mambo manne, mnikosoe.

Moja, kiwango cha huduma kitangazwe kwa kila wilaya. Kifurushi kutoka Sikonge, Kaliua, Urambo, Uyui, Nzega au Igunga kwenda Dar ni siku ngapi na bei gani, ibandikwe ukutani, na kikichelewa au kikivunjika mteja alipwe. Na mabasi yanayobeba mizigo ya watu yabanwe na kanuni hiyo hiyo ya fidia. Haiwezekani mtu achukue hela halafu aandike nyuma ya karatasi kwamba hahusiki.

Mbili, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya 2006 upo ili huduma ifike pale ambapo faida haipo. Tumeona minara. Itengwe na sehemu ya vifurushi vijijini. Hakuna haja ya kujenga majengo. Kila kijiji kina wakala wa miamala ya simu, na kila kijiji kina vijana wa bodaboda wanaokaa kijiweni mchana kutwa. Wapewe mkataba, mizani na mfumo wa kufuatilia mzigo. Hiyo ndiyo ajira, tena ajira ya kazi ambayo babu zao waliifanya kwa miguu.

Tatu, reli. Mifuko ya posta ilipanda treni hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora kwa deni litakalolipwa na sisi na watoto wetu. Tuulize sasa, kabla haijazinduliwa kwa ngoma: ina behewa la vifurushi vya mtu mdogo, au ni ya makontena ya wakubwa peke yao?

Nne, hesabu. Ripoti za CAG huwekwa bungeni kila Aprili. Sisi hukimbilia kurasa za ndege na matrilioni. Mwaka huu kila mkoa uteue vijana wawili wasome kurasa za mashirika ya mawasiliano, watuletee maswali matano ya kueleweka.

Na kwetu sisi wenyewe, chamani. Nimepitia hoja zetu za vijana, sijaona hata mstari mmoja juu ya posta au usafirishaji wa mizigo midogo. Tumeandika ubunifu, teknolojia, uchumi wa kidijiti. Maneno mazuri, lakini ukiyabonyeza hayatoi chupa ya asali kijijini. Tukiwa tunataka kuaminiwa kuongoza nchi, lazima tujue kifurushi kinasafirije.

Kazi ya mwezi huu basi. Kila tawi lichague kijiji kimoja, likaulize watu watatu: mkulima, mwenye duka, mwanafunzi. Mara ya mwisho ulituma au kupokea kitu lini, kwa njia gani, kwa shilingi ngapi? Majibu tuyaandike kwenye barua, barua ya karatasi kabisa, tuipeleke kwa diwani na nakala kwa mbunge. Mnajua wenyewe, taarifa ya mkutano wa hadhara tunaipeleka polisi kwa maandishi saa 48 kabla, na nakala iliyogongwa "imepokelewa" ndiyo imetuokoa mara nyingi. Ujumbe wa simu unafutika. Karatasi yenye muhuri na tarehe haimung'unyi maneno.

Mimi yangu ya kwanza nimeshaiandika, ina kurasa mbili na hesabu ya chupa tisa. Jumatatu naipeleka kwa diwani kwa mkono wangu mwenyewe.